Deni la Simu na Haki ya Maiti

Somo la leo hatukulipanga. Tulikuwa tumekusudia kuendelea na mlango wa biashara pale tulipoachia, lakini limetokea jambo hapa kwetu Matiliku ambalo limetuonyesha kwamba tumeusomesha mlango huo muda mrefu, na mambo ya sokoni yakatupita pembeni tusiyaone.

Alifariki ndugu yetu mmoja. Jina lake hatulitaji, na wanaomjua twawaomba wasilitaje. Alikuwa mfanyabiashara wa ndengu, ambazo watu wa pwani huziita pojo. Akinunua kwa wakulima magunia mawili matatu na kuyapeleka Emali, kwenye barabara kuu ya Mombasa. Hakuwa tajiri wala hakuwa mtu wa kuomba. Siku ya maziko tulisimama sisi wenyewe, kama ilivyo desturi, tukauliza kwa sauti mbele ya watu: anayemdai marehemu na ajitokeze, na aliyeridhia kusamehe na aseme. Wakajitokeza wawili. Mwenye duka akasema anamdai fedha kidogo za sukari na unga, akasamehe papo hapo. Mkulima mmoja, ambaye si Mwislamu, akasema alibakiziwa bei ya gunia moja; nduguye marehemu akaichukua juu yake. Tukaomba dua, tukazika, tukarudi majumbani nyoyo zetu zimetulia.

Mirathi ikagawanywa. Palikuwa na mbuzi, pikipiki moja, na fedha si nyingi. Haukupita mwezi wa pili, simu ya nduguye marehemu ikaanza kuingiwa na ujumbe: jamaa yako anadaiwa, mwambie alipe leo. Akadhani ni matapeli. Ukaja mwingine, kisha akapigiwa na mtu mwenye maneno makali. Ndipo mtoto mkubwa, aliyekuwa akiijua namba ya siri ya babake, akaifungua simu ya marehemu mbele ya wazee wawili, na yakapatikana madeni ya mahali patano mbalimbali, jumla yake ikipindukia shilingi 30,000. Pikipiki ilikwisha uzwa. Nduguye akamwambia mjane: wewe ulijua ukaficha. Mjane akaapa kwamba hakujua, nasi tumemwamini, kwa sababu tumekwisha kuuliza katika nyumba nyingine tatu za watu walio hai na tukakuta mke hana khabari, na katika moja ya hizo mume ndiye asiyekuwa na khabari. Mpaka tunaandika haya, nyumba hizo mbili za marehemu hazijasalimiana vizuri.

Nasi ndio tuliouliza lile swali siku ya maziko. Swali letu lilikuwa la kale na mdai alikuwa wa kisasa. Mwenye duka ana miguu, humfuata mdeni wake hata makaburini; simu haihudhurii msiba.

Basi tuanze na hukumu yenyewe, ambayo nyote mwaijua lakini ni vizuri kuikumbusha. Mtu akifa, mali yake hutolewa kwanza gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi, na kinachosalia ndicho mirathi. Hakuna mrithi mwenye haki ya shilingi moja kabla deni halijalipwa. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akiletewa jeneza huuliza kwanza kama maiti ana deni, na khabari hiyo ni mashuhuri katika vitabu vya hadithi. Kwa hivyo walioigawanya ile pikipiki waligawanya kitu ambacho bado hakijawa chao, ijapokuwa hawana dhambi kwa kutojua. Na sisi tuliowaambia gaweni tuna sehemu yetu katika jambo hilo.

Sasa tazameni jambo la ajabu. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kur-ani si ya Sala wala ya Hija. Ni aya ya deni, katika Suratul-Baqara. Inaamrisha deni la muda liandikwe, mwandishi awe mwadilifu, wawepo mashahidi, na watu wasichoke kuliandika likiwa dogo au kubwa. Na ndani yake mna jambo ambalo wengi hulipita haraka: anayetoa maneno ya kuandikwa ni yule anayedaiwa. Mdeni ndiye anayesema, mwandishi huandika, mdai husikiliza. Hekima yake iko wazi, kwani aliye dhaifu katika mapatano ndiye aliyepewa ulimi, ili asije akabandikwa asilolijua.

Deni la simu limeandikwa, hilo hatukatai. Limeandikwa kuliko madeni yote yaliyopata kuandikwa katika sehemu zetu hizi, hata dakika yake imeandikwa. Lakini kitabu kiko upande mmoja tu. Anayekopesha ana daftari, na anayekopa ana kidole. Hubonyeza kwamba amekubali masharti ambayo hakuyasoma, usiku, peke yake, pasina shahidi, na mara nyingi hufuta ujumbe asubuhi ili asionekane. Huyo amekopa, lakini ile aya haikupita kwake hata kidogo.

Hatusemi haya kwa kuichukia simu. Wako wenzetu kila kitu kipya kikija hukiita fitina, na baada ya miaka miwili huwaona wamekishika mkononi. M-Pesa ilipoanza mwezi wa Machi 2007, watu wa Ukambani walikuwa wakiwatumia wazee wao fedha kwa makondakta wa mabasi na kwa jamaa wanaosafiri, na nyingine zikifika pungufu, na nyingine hazifiki. Leo kijana aliyeko Mombasa humnunulia mamake dawa naye yuko kazini. Hiyo ni neema, na mwenye kuikanusha hana shukrani.

Lakini mfuko huo huo ulioletewa fedha ukaletewa na deni. M-Shwari ilianza Novemba 2012, na mkopo wake ukawa na ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Fuliza ikafuata Januari 2019, ambayo humkamilishia mtu malipo pale fedha zake zisipotosha. Kati ya hizo mbili zikaingia programu nyingi za kukopesha, nyingine hazijulikani wenyewe wala ofisi zao. Na hapa tuseme neno la pembeni: kufuliza katika lugha yetu ni kutenda jambo mfululizo pasina kupumzika. Jina hilo limesema kweli kuliko matangazo yake. Na ile ya kukopa maneno ya simu huitwa Okoa Jahazi, nasi hapa Matiliku hatuna bahari, ila tumezama.

Tufanye hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Mtu akikopa shilingi 2,000 kwa asilimia 7.5, huongeza shilingi 150. Atasema: shilingi 150 ni kitu gani? Ni kweli, si kitu, akikopa mara moja. Lakini huyu akilipa leo hukopa tena kesho, kwa kuwa kulipa ndiko kulikomwacha mkono mtupu. Akifanya hivyo mara 12 katika mwaka, ametoa shilingi 1,800 kwa ajili ya zile zile 2,000, na bado anazidaiwa. Hiyo ni asilimia 90. Tumewauliza wafanyabiashara wa ndengu wangapi hupata faida ya asilimia 90 kwa mwaka, wakacheka.

Ama mkopo wa kila siku, ulipoanza mwaka 2019 aliyekopa shilingi 500 alitozwa asilimia 1 ya kufungulia na shilingi 5 kwa kila siku. Akikaa nao siku 30, ni shilingi 155 juu ya 500. Mwaka 2022 ada hizo zilipunguzwa, na hilo ni jema. Lakini mwendo wake ni ule ule: siku ndizo zinazokula. Katika mwaka huo huo wa 2022, tarehe 30 Novemba, serikali ilizindua mfuko uitwao Hustler Fund kwa asilimia 8 kwa mwaka mzima. Shilingi 1,000 za mfuko huo kwa siku 14 huzidi shilingi 3 tu. Tumeutaja ili mjue kwamba shilingi moja iliyokopwa inaweza kuwa na bei mbalimbali sana, na kwamba mtu asiyeuliza bei ya fedha hali anauliza bei ya nyanya na kuipunguza kwa nusu saa, huyo amejidhulumu.

Mtu ataweza kuuliza: je, ada hii ni riba, au ni ujira wa kazi? Wako wanaosema ni ujira, kwamba mwenye mtambo ana gharama zake. Sisi twaona hivi. Ujira wa kazi haukui kwa kuwa mtu amechelewa, wala hauzidi kwa kuzidi fedha iliyokopwa, maana kazi ya kutuma 500 na kazi ya kutuma 5,000 ni moja. Kinachokua kwa siku na kwa kiasi, jina lake latambulikana, hata kikivikwa kanzu ya jina jingine. Hata ile asilimia 8 ya serikali, ijapokuwa ni nyepesi kwa hesabu, haikutoka katika hukumu hiyo. Benki zinazofuata sharia zilianza kazi nchini Kenya mwaka 2008, lakini hapa sokoni kwetu hazina mlango. Kwa hivyo hatuwezi kumwambia mtu wa Matiliku aache hili, kisha tusimwonyeshe la kushika. Hilo tutalifikia.

Kabla yake yatupasa tusikilize udhuru wa wenye kukopa, kwani wengi si wapumbavu wala si wacheza kamari, ingawa wacheza kamari wa simu nao wapo, na kwao tuna darsa nyingine. Mvua ya kutegemewa Ukambani ni ile ya Oktoba mpaka Disemba. Ndengu na kunde huvunwa Januari na Februari, na maembe nayo huuzwa katika miezi hiyo. Na Januari hiyo hiyo shule hufunguliwa. Basi fedha huja mara moja na matumizi huja nazo mlango mmoja. Ikifika Juni au Agosti, mtu ana shamba, ana mbuzi, ana jina zuri, na hana shilingi. Mtoto akiugua usiku wa Agosti, pale Matiliku hospitali ipo, lakini nauli na dawa havingoji Januari. Simu humpa katika dakika moja pasina kumwuliza babake ni nani. Anayemlaumu mtu huyo na yeye hakumkopesha, na anyamaze kwanza.

Ila kuna kosa moja katika jambo hili ambalo halina udhuru. Mtu hukopa kwa siku 30 jambo litakalolipwa kwa mavuno ya miezi sita. Hilo haliwezekani, hata hesabu ya mtoto wa darasa la pili yalikataa. Deni la simu, kama mtu amelazimika, ni kwa fedha ambayo yajulikana siku yake: mtu amekwisha uza, mnunuzi atalipa Ijumaa. Ada ya shule haistahili kuingizwa humo, na kununulia ndengu za kuweka ghalani mpaka bei ipande ndiko kulikomwangamiza ndugu yetu. Bei haikupanda, na siku hazikusimama.

Na kuna dhuluma nyingine ya kimyakimya. Mwenye duka huandika deni katika daftari lake, haongezi kitu, humngojea mtu mpaka mavuno. Siku fedha zikipatikana, nani hulipwa kwanza? Simu. Kwa nini? Kwa sababu simu hutisha kumpeleka mtu kwenye zile ofisi za taarifa za mikopo, ambazo watu huziita CRB, na mwenye duka hana CRB, ana uso wake tu. Basi aliyetenda wema hungojeshwa ili atoze riba alipwe. Tumewaona wenye maduka wawili wakiacha kukopesha kabisa kwa ajili hiyo, na mlango huo ukifungwa maskini huwa hana tena pa kwenda ila kwenye simu.

Ama kutukanwa na kupigiwa jamaa, jueni kwamba sheria imelikataza. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 kuhusu wanaokopesha kwa simu zimewataka wawe na leseni, na zimewazuia kuchukua majina yaliyomo katika simu ya mtu na kuwatumia jamaa zake ujumbe kwa kuwa amechelewa kulipa, wala kutisha, wala kutukana. Nduguye marehemu hakuwa mdhamini wa mtu. Hakupaswa kutumiwa hata neno moja. Anayefanyiwa hivyo auhifadhi ujumbe, asiufute, na apeleke malalamiko Benki Kuu au kwenye ofisi ya kulinda taarifa za watu iliyopatikana kwa sheria ya mwaka 2019.

Na jamaa wa maiti wayajue haya. Deni la marehemu hulipwa kwa mali ya marehemu. Nduguye na mjane hawalazimiki kutoa mifukoni mwao, ila wakipenda kumwokoa, nao watapata malipo kwa Mola wao. Lakini waliokwisha kugawana, kila mmoja hurudisha kwa kadiri ya fungu lake mpaka deni liishe. Aliyepata nyingi hurudisha nyingi. Wakishindana, mahakama ya Kadhi ipo na mirathi ya Waislamu ni katika kazi zake. Mdai apelekewe khabari ya kifo kwa maandishi pamoja na cheti, aulizwe deni la asili ni kiasi gani na ada ni kiasi gani. Yumkini atasamehe, yumkini hatasamehe, lakini hawezi kumsamehe maiti ambaye hajui kuwa amekufa. Fedha zilizomo katika simu ya maiti zisitolewe kwa namba ya siri, hata na mtoto wake, kwa kuwa ni mali ya warithi wote na ya wadai kabla yao. Zidaiwe kwa vyeti katika ofisi ya kampuni. Na michango ya msiba isitumwe katika namba ya marehemu. Mikopo kama Fuliza hujilipa kwa fedha yoyote iingiayo, na rambirambi ya watu humezwa kabla mjane hajaiona.

Haya yote ni ya baada ya kufa. Tunalolitaka sisi ni la kabla, nalo ni jepesi mno hata twaona haya kulisema: daftari. Si katika simu, kwa sababu simu ikifungwa na daftari limefungwa. Daftari la karatasi, lile la watoto wa shule. Siku unayokopa, kabla hujabonyeza, andika kwa mkono wako: nani nimemkopa, kiasi gani, kitarudi kiasi gani, siku gani, na kwa fedha ipi itakayotoka wapi. Hili la mwisho ndilo zito. Ndugu mmoja alituambia kwamba alipofika hapo kalamu ilisimama, akauweka mkopo asiuchukue. Ukilipa, piga mstari. Andika na mnayodai nyinyi, kwani hizo ni mali za watoto wenu. Kisha mtu mmoja nyumbani ajue daftari liko wapi: mke, au mume, au mtoto aliyebaleghe. Wanaume wengi wametuambia kwamba wanaficha kwa kuona haya. Haya hiyo itamwendea mjane pamoja na deni, na yeye atakuwa hana jibu.

Ama la kushika badala ya simu, hapa kwetu Wakamba wana mwethya tangu kale: watu hukusanyika kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho ukuta wa mchanga mtoni wa kuhifadhia maji, na hakuna anayedai riba ya jembe. Wengine wetu twaijua kwa kuzaliwa. Twataka kuifanya hivyo hivyo katika fedha. Mwaka uliopita tulianza mfuko wa karadha katika darsa, kila mtu shilingi 200 kwa mwezi, akopaye alirudisha kama alivyochukua. Ukakwama baada ya miezi minne, na sababu yake tuiseme pasina kuficha: hatukuandika. Tuliona ndugu kwa ndugu kuandikiana ni kutoaminiana. Wawili wakasahau, mmoja akajisahaulisha, na sisi tuliokuwa tukiushika mfuko tukaona haya kuuliza. Tuliisomesha aya kwa sauti nzuri na tukaivunja wenyewe.

Mfuko utaanzwa tena baada ya mavuno ya ndengu, kwa maandishi na mashahidi wawili kwa kila mkopo, na siku ya kulipa itawekwa kwa kufuata msimu wa mtu, si siku 30. Jirani asiye Mwislamu atakayetaka kuingia ataingia kwa masharti hayo hayo. Yule mkulima wa lile gunia amekwisha kutuuliza. Fedha za kwanza kukopeshwa zimekusudiwa kwa nyumba ya marehemu, kama mjane na shemeji yake watakubali kuketi mahali pamoja na kutia sahihi.

Na katika maziko, tangu sasa, maulizo yatakuwa mawili. Tutauliza anayemdai ni nani, na tutauliza daftari lake liko wapi. Darsa ijayo, inshallah, kila mmoja aje na lake. Kalamu tutaleta sisi.